Moyo na Masikio ya Punda: Hadithi za Watoto katika Elimu Maalumu

Hadithi ya watoto ina heshima ndogo katika mizani ya wanazuoni. Utenzi hupimwa, riwaya hujadiliwa, tamthilia hutungiwa mitihani. Lakini hadithi ya kima na papa huachiwa bibi na wajukuu wake, au mwalimu wa darasa la kwanza. Pahali pamoja tu ndipo hadithi hiyo hupewa kazi nzito kuliko heshima yake, na pahali hapo ni darasa la elimu maalumu. Humo mwalimu wa watoto viziwi, au wasioona, au wenye ulemavu wa akili, au wenye usonji, huitumia kufundishia maneno, hesabu, adabu, usafi, na hata kuvuka barabara. Hadithi yageuzwa punda: hutwikwa kila mzigo, wala hapana aulizaye hali yake.

Nia ya makala haya ni kuiuliza hali hiyo. Swali si kama hadithi za watoto zafaa katika elimu maalumu. Kufaa kwake hapana akubishiaye. Swali ni hili: hadithi inapoingia katika darasa hilo, je, huingia nzima, au huingia imekatwa viungo? Nasema kwamba mara nyingi huingia imekatwa, kwamba hukatwa kwa huruma, na kwamba huruma hiyo humnyima mtoto kitu alichostahili kupewa. Nasema zaidi kwamba kuchagua hadithi, na kuamua lipi libaki ndani yake na lipi liondoke, si kazi ya ualimu peke yake. Ni kazi ya uhakiki, na wahakiki wapaswa kuishiriki.

Safari ya elimu hii katika nchi zetu si ya jana. Shule ya wasioona ya Thika, nchini Kenya, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Na Shule ya Viziwi ya Tabora ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Mwaka 1994 wajumbe wa mataifa mengi walikutana Salamanca, Hispania, wakatoa tamko kwamba shule za kawaida zapasa kuwapokea watoto wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliitaja lugha ya alama ya Kenya na maandishi ya nukta nundu miongoni mwa mambo ambayo dola yapasa kuyaendeleza, na mwaka huo huo Tanzania ilipata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Yote hayo ni mema. Lakini sheria hufungua mlango tu. Haisemi mtoto akiisha kuingia ataandaliwa chakula gani. Mtoto aweza kupata haki ya kiti, haki ya mwalimu na haki ya kitabu, kisha ndani ya kitabu hicho asikute kitu cha kumfanya afungue ukurasa wa pili.

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tushike hadithi moja tuitazame kwa karibu. Nimechagua Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, akakichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Asili yake ya mbali ni Bara Hindi. Kimo katika Panchatantra, na kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Ijapokuwa huko rafiki wa kima si papa, bali ni mamba au kobe. Pwani yetu ilikipokea, ikakivika nguo zake, na leo hapana mtoto wa pwani akionaye kuwa mgeni.

Muhtasari wake ni huu. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia baharini, akawa akimtupia papa matunda, hata wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika kati ya bahari papa akamfunulia siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Alijibu kwamba ni bahati mbaya hakuambiwa mapema, maana makima huacha mioyo yao mitini wanapotoka matembezini. Papa akasadiki, akamrudisha. Kima akapanda mti, akatulia juu. Papa alipomwita ashuke, kima akamuuliza kama amemdhania kuwa punda wa dobi, kisha akamsimulia kisa cha punda huyo. Punda alidanganywa na sungura akapelekwa kwa simba. Mara ya kwanza aliponea chupuchupu akakimbia. Sungura akamrudia kwa maneno matamu, naye akaenda tena, na mara hiyo simba akamwua. Simba akataka aletewe moyo na masikio tu; lakini sungura, aliyepewa nyama aichome, alivila vyote viwili kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, sungura akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi mara ya pili. Simba akaona ni kweli.

Mtu aliyezoea kurahisisha hadithi kwa ajili ya darasa maalumu atakifanyaje kisa hiki? Kwanza atakifupisha, kwa hoja kwamba kumbukumbu ya mtoto ni fupi. Pili atakiondoa kisa cha ndani, kile cha punda, kwa hoja kwamba hadithi ndani ya hadithi humchanganya mtoto. Tatu atalifuta neno la mwisho, la kukosa moyo na masikio, kwa hoja kwamba ni tusi mbele ya kiziwi na mbele ya mtoto mzito wa kufahamu. Kitakachobaki ni hiki: kima alikuwa na rafiki papa, papa alitaka kumdhuru, kima akarudi nyumbani, watoto, chagueni marafiki wema. Hapana urefu, hapana ugumu, hapana tusi. Na hapana hadithi. Lakini kila hoja katika hizo tatu ina chembe ya ukweli, na kwa hiyo zastahili kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya urefu. Kinachoirefusha hadithi hii ni marudio. Safari ni ya kwenda na ya kurudi. Punda huitwa mara mbili, huenda mara mbili. Moyo huulizwa na papa, kisha huulizwa na simba. Mtu mzima mwenye haraka huyaona marudio hayo kuwa ni maneno ya ziada. Mtoto ashikaye mambo polepole huyaona kuwa ni ngazi. Mara ya kwanza husikia. Mara ya pili hutambua. Na akiisha kutambua huanza kutazamia, na kutazamia ndiyo dalili ya kwanza kwamba ameingia katika hadithi kwa miguu yake mwenyewe. Afupishaye kwa kuondoa marudio amefanya kama mtu aliyemwona mgonjwa akipanda ngazi kwa shida, akang'oa daraja za katikati ili ngazi iwe fupi.

Wasimulizi wetu wa zamani waliijua siri hii pasipo kusomea saikolojia. Hawakuanza hadithi ghafula. Waliita paukwa, wakangoja pakawa, na mtoto asiyejibu aliitwa tena hata ajibu. Mwito huo ni mlango wenye kizingiti: humwambia mtoto kwamba sasa tunatoka katika ulimwengu wa vikombe na viatu, tunaingia katika ulimwengu wa kima asemaye. Kwa mtoto ambaye mabadiliko ya ghafula humtaabisha, kama wengi wenye usonji, kizingiti hicho si pambo. Kisha hadithi yenyewe yakubali kutandazwa chini: mkeka uwe bahari, kiti kiwe mkuyu, jiwe laini lililofungwa katika kitambaa chekundu liwe moyo. Mtoto asiyeweza kusema neno “moyo” aweza kulichukua jiwe hilo na kulificha kifuani. Akifanya hivyo katikati ya bahari, wakati papa adhanipo kwamba moyo uko mtini, mwalimu hana haja ya kumuuliza kama amefahamu.

Mfano huo watupeleka katika hoja ya pili, ya ugumu. Hadithi hii haiendi ila kwa mtu kujua kwamba kima ajua jambo asilolijua papa. Moyo uko kifuani, na papa aamini uko mtini. Kuelewa kwamba mwenzako aweza kuamini jambo lisilo kweli si kazi nyepesi. Mwaka 1985 wataalamu watatu wa London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, waliandika habari za jaribio ambalo mwanasesere mmoja aliacha kitu chake pahali, akatoka, nacho kikahamishwa. Watoto waliulizwa atakitafuta wapi. Wengi wa watoto wenye usonji katika jaribio lile walijibu kana kwamba mwanasesere yule ajua walichokijua wao. Wachunguzi waliofuata wameonya kwamba matokeo hayo yasifanywe sheria ya kila mtoto mwenye usonji, na onyo hilo ni la haki. Lakini tazama jinsi kisa cha Unguja kinavyofanana na jaribio la London, pamoja na tofauti moja kubwa: katika jaribio mtoto hupimwa, katika hadithi mtoto hucheka. Jambo analolipata kwa shida katika mtihani hupewa hapa pamoja na furaha, tena hupewa mara nyingi kadiri atakavyo.

Yafaa hapa kuitaja njia nyingine inayosifiwa, iliyobuniwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwaka 1991. Hizo ni hadithi fupi zinazomweleza mtoto mwenye usonji hali fulani ya maisha, kwa mfano kupanga foleni au kwenda kwa daktari: nini hutokea, watu huona nini, na afanye nini. Manufaa yake yapo, wala sikusudii kuyapunguza. Lakini mhakiki hana budi kusema kwamba hayo ni maelekezo yaliyovaa kanzu ya hadithi. Ndani yake hapana atakaye jambo akazuiwa, hapana hila, hapana hatari. Mtoto aliyepewa maelekezo hayo tu hujifunza namna ya kutowasumbua watu. Hajifunzi kwamba naye aweza kusumbuliwa, na kwamba aweza kukataa.

Na hili la kukataa ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtoto mwenye ulemavu hufundishwa utii kuliko mtoto mwingine awaye yote: kaa, simama, nyamaza, fuata, shukuru. Wakati huo huo yajulikana kwamba watoto wenye ulemavu hudhulumiwa zaidi kuliko wenzao, na mara nyingi wadhulumu ni watu wanaowajua na kuwaamini. Kima alibebwa na rafiki, akaitwa kwa maneno mazuri, akajikuta katikati ya maji. Ndipo alipotumia akili. Na alipofika mtini papa akamwita mara ya pili, hakushuka. Kisha hakumtukana papa wala hakumhutubia, alimsimulia hadithi. Kisa cha ndani, ambacho mrahisishaji angalikiondoa, ndicho kionyeshacho hadithi ikifanya kazi mikononi mwa mtu dhaifu. Chamwambia mtoto: ukikosa maneno ya kukataa, hadithi yaweza kukukatalia. Kukiondoa ni kumpokonya silaha mtu mwenye silaha chache.

Kabla ya kuifikia hoja ya tatu, na tuseme machache juu ya njia ambazo hadithi humfikia mtoto, maana wengine hudhani kwamba kubadili njia ni lazima kupunguza hadithi. Tuanze na kiziwi. Kwa muda mrefu watu walisadiki kwamba asiyesikia hana lugha ila ile atakayofundishwa kuisoma midomoni. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba usemaji wa mdomo utangulie, na alama zikafukuzwa katika shule nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1960 ndipo William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet mjini Washington, alipoonyesha kwamba alama zina muundo kama lugha nyingine. Mtu anayeijua lugha ya alama akisimulia kisa chetu, mkuyu husimama juu na bahari hulala chini mbele ya macho ya mtoto. Msimulizi hugeuza bega akawa kima, hugeuza bega la pili akawa papa. Uso wake huonyesha urafiki na mkono wake huonyesha safari. Hapo hadithi haikupungukiwa. Imepata jukwaa ambalo ukurasa wa kitabu hauna. Ngoma nayo yaweza kupigwa juu ya sakafu ya mbao, mapigo yapande miguuni, ili pigo moja liwe mwito na mapigo mawili yawe jibu. Lakini ngoma ni msaidizi wa alama, haishiki pahali pake.

Kwa mtoto asiyeona shida ni nyingine. Watu hudhani kwamba maadamu asikia, hadithi imemfika. Lakini vitabu vingi vya watoto vya siku hizi huandikwa nusu kwa maneno na nusu kwa picha, na nusu ile ya picha hufa mwalimu anaposoma kwa sauti. Ukurasa husema kwamba kima alimwona papa, na picha ndiyo isemayo papa ni mkubwa kiasi gani. Hapa pana kazi ya mhakiki: kuonyesha ni maandishi gani husimama yenyewe na yapi huegemea picha. Hadithi za simulizi zina ubora katika jambo hili, kwa kuwa zilitungwa gizani, usiku, kwa watu wasiotazama kitu. Hata hivyo maneno yataka kushikwa. Mtoto wa bara asiyeona hajui papa ni nini mpaka aguse kitu kikavu kikwaruzacho kama msasa, aambiwe kwamba ngozi ya papa ni hivyo. Wala kusimuliwa kusichukue nafasi ya kusoma. Louis Braille alibuni maandishi yake mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, ili asiyeona asiwe msikilizaji tu wa watu wengine. Mtoto mwenye hadithi hiyo katika nukta nundu aweza kurudi peke yake pahali alipopapenda, na kurudi huko ndiko kusoma.

Sasa tuje katika hoja ya tatu. Simba aambiwa kwamba punda hakuwa na moyo wala masikio, na wasikilizaji hucheka. Je, neno hilo lisomwe mbele ya mtoto kiziwi? Lisomwe mbele ya mtoto ambaye majirani husema hana akili? Anayesita hapa ana haki ya kusita. Na jambo lenyewe ni kubwa kuliko kisa kimoja, maana lugha yetu nzima imelitia sikio katika maadili. Kusikia kwetu ni kutii: mtoto mwema ni msikivu, mtundu ni yule asiyesikia. Twasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Twasema sikio la kufa halisikii dawa. Watu wengine huilaumu ngeli ya ki-vi kwa kumweka kiziwi, kipofu na kiwete pamoja na kiti na kijiko. Lawama hiyo yataka hadhari, kwa kuwa kiongozi, kijana na kinyozi wamo humo humo, na sarufi huwapa wote upatanisho wa watu: kipofu ameingia, kiongozi ameingia. Uzito haumo katika ngeli. Umo katika kitenzi kile ambacho kwacho tumewafanya wasiosikia kuwa mfano wa wasiotii. Basi mwalimu akifuta neno moja katika hadithi, mtoto atakutana na ndugu za neno hilo sokoni, na hapo hatakuwa na mtu wa kumsaidia kulijibu.

Lakini tuisome hadithi kwa makini, kama tungesoma utenzi. Ni nani asemaye kwamba punda hana masikio? Ni sungura. Na masikio yako wapi wakati sungura anasema? Yako tumboni mwake. Punda alikuwa na moyo, alikuwa na masikio. Aliyevila ndiye ashuhudiaye kwamba havikuwapo. Simba, mwenye nguvu na mamlaka, aridhika na ushahidi huo, haombi kukiona kichwa. Tumezoea kucheka upande wa sungura kwa sababu ya werevu wake, na mazoea hayo yametuficha kwamba kisa chasimulia pia namna mtu anavyonyang'anywa kitu, kisha akatangazwa kwamba hakuwa nacho.

Sidai kwamba wasimulizi wa Unguja walikusudia maana hiyo. Kima mwenyewe hutumia kisa kumcheka mjinga. Lakini maana imo katika matendo ya hadithi, haikubandikwa na msomaji, nayo husomeka kwa nguvu za pekee katika darasa ninalolizungumzia. Mtoto kiziwi ambaye hakufundishwa kwa lugha ya alama, kisha akaandikiwa kwamba hafundishiki, amekula masikio yake nani? Mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyeketishwa nyuma ya darasa miaka minne pasipo kuulizwa neno, kisha ikasemwa kwamba hana neno la kusema, moyo wake uko wapi? Mwalimu awezaye kuuliza darasa lake, “Nani aliyeyala masikio?” ameligeuza tusi kuwa swali. Na jibu la swali hilo ni jepesi. Hata mtoto mdogo hulijua, maana alimwona sungura akila. Aliyelifuta neno kwa huruma amefuta na ushahidi.

Kinyume cha kisa hiki ni hadithi zitungwazo makusudi juu ya watoto wenye ulemavu, ili zisomwe katika madarasa yao. Nia yake ni njema, lakini nyingi huanguka katika mojawapo ya mashimo mawili. Shimo la kwanza ni la huruma: mtoto kiwete ni mpole, mvumilivu, hana kosa, na kazi yake ni kuwafundisha wazima wema. Methali yetu isemayo hujafa hujaumbika humwonya mwenye kudhihaki, na onyo hilo lafaa. Lakini humfanya mlemavu kuwa kioo cha kuogofyea watu wengine. Shimo la pili ni la mwujiza: kipofu huona katika ukurasa wa mwisho, na msomaji asiyeona hubaki na swali kwa nini yeye hakufika katika ukurasa huo. Kipimo cha mhakiki ni rahisi. Mtoto huyu wa hadithini ataka kitu gani? Aweza kudanganya? Aweza kukosea na kucheka? Kama hawezi, basi hajawa mtu wa hadithi bado.

Watu watasema kwamba haya ni mazuri karatasini, lakini walimu ni wachache, madarasa ni makubwa, na watoto wengine hawatafikia maana ya mwisho hata wasimuliwe mwaka mzima. Kuhusu uchache, ni kweli, na makala hayaajiri mwalimu. Lakini mkeka, kiti na jiwe si ghali. Kuhusu kufikia maana, hadithi ni nyumba yenye vyumba vingi. Mmoja ataishia ukumbini, kwa furaha ya kima kurukaruka. Mwingine atafika katika chumba cha hila. Wa tatu atauliza habari za masikio. Wala hatuwezi kujua mapema nani ataishia wapi. Dorothy Butler wa New Zealand alieleza katika kitabu chake Cushla and Her Books, kilichotoka mwaka 1979, habari za mjukuu wake aliyezaliwa na ulemavu mwingi, asiyeweza kushika kitu vizuri wala kuona mbali, na ambaye waganga walimdhania mpungufu wa akili. Wazazi walianza kumsomea angali mtoto mchanga, mchana na usiku, vitabu vya kawaida vya watoto. Alipozidi miaka mitatu akili yake ilipimwa, ikaonekana kuwa juu ya wastani. Si kila mtoto atakuwa hivyo, wala hadithi si dawa ya ulemavu. Ila kama wazazi wale wangalingoja uthibitisho wa akili kabla ya kumpa hadithi nzima, uthibitisho wenyewe usingalipatikana.

Kwa hiyo natoa kanuni moja kwa walimu, na ombi moja kwa vyuo. Kanuni ni kwamba njia ibadilishwe, hadithi isibadilishwe: badili sauti iwe alama, badili picha iwe kitu cha kuguswa, badili siku moja iwe siku kumi, lakini hatari ibaki, hila ibaki, marudio yabaki, na neno gumu libaki pamoja na mwalimu wa kusaidia kulijibu. Ombi ni kwamba idara za Kiswahili ziwape wanafunzi wao wa fasihi kazi ya kuvihakiki vitabu hivi kwa ukali ule ule wanaoutumia katika riwaya na tenzi, na kuwatafuta wasimulizi viziwi na wasioona, ambao hadithi zao katika alama na katika nukta nundu hazijapata mkusanyaji kama alivyopata msimulizi wa Unguja. Haya nimeyaweka mbele ya wasomaji wayapime. Atakayeona kwamba nimekipa kisa cha punda maana kisichoweza kuichukua, na asome tena pale sungura anapochoma nyama, kisha aniambie masikio yalikwenda wapi.